Walezi wa Vitenzi

Mgeni wa hoteli halalamiki kuhusu kesho. Hilo Mama Shuka alilijua kabla hajajua Kiingereza zaidi ya salamu na samahani. Malalamiko yote ni ya jambo lililokwisha kutokea: bomba limevunjika, pete imepotea, mtu kaingia chumbani, mtu kachukua taulo. Na Kiingereza, kikifika kwenye yaliyopita, ndipo kinapovua sare na kukimbia mtaani bila viatu.

Kwa hiyo kila Jumamosi alasiri, akitoka kazini, alikwenda darasani. Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la kukodisha viti vya sherehe. Viti vyeupe vya plastiki vilipandana mpaka darini, ila siku ya harusi kubwa vilikodishwa vyote, na wanafunzi wakasoma wamesimama. Mwenye duka aliwaambia wavumilie, kwani Kiingereza kipo kila wiki, bwana harusi hayupo.

Jina la Mama Shuka lilitokana na kazi. Alitandika vitanda ghorofa ya pili, na shuka akishaivuta yeye, mbu akitua anateleza. Lakini kutandika ni kuinama, na kuinama kumemla magoti. Asubuhi yalilia kama mlango usiotiwa mafuta. Msimamizi wa vyumba alikuwa anastaafu, na msimamizi hainami. Msimamizi hutembea koridoni na funguo, anasukuma mlango, anatazama, anaandikiwa. Mama Shuka aliitaka nafasi ile kwa magoti yote mawili. Meneja alikwisha kutangaza kwamba itatolewa kwa mfanyakazi wa ndani atakayefaulu usaili, na usaili ni kwa Kiingereza.

Shida ilikuwa moja, na ilikuwa inalala chumba cha pili nyumbani kwake. Wifi yake, dada wa mumewe, alifanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli hiyohiyo, na naye aliitaka nafasi. Alisema mvuke wa pasi umemkausha mpaka ndoto zake zinakuja zimenyooshwa. Mawifi hawa wawili walipika jiko moja, walivuka barabara pamoja asubuhi, na sasa walikuwa wamejiandikisha darasa moja. Mume, ndugu wa mmoja na mwenzi wa mwingine, aliulizwa yuko upande wa nani. Akajibu kwamba yuko upande wa chakula kiwahi, na tangu hapo akawa kama redio iliyotolewa betri.

Mwalimu alikuwa binti mwembamba mwenye stashahada ya lugha na shingo ya mtu asiyezoea kushindwa. Alikipenda Kiswahili hadharani. Kiingereza alikifundisha kama mtu anayeeleza tabia za jirani mlevi: bila chuki, lakini bila kumficha.

“Kiswahili kina adabu,” alisema siku walipofika kwenye vitenzi. “Ninakula, nilikula, nitakula. Badilisha wakati utakavyo, kula haishtuki. Kiingereza nacho kina vitenzi vyenye adabu. Ukivipeleka jana vinavaa mkia wa -ed na kupanga foleni. Lakini vile vya kula, kunywa, kulala, kuja na kwenda havivai mkia. Eat inakuwa ate. Go inakuwa went, na ukiiuliza imetoka wapi haikuambii.”

Mama Shuka aliuliza kwa nini. Mwalimu, badala ya kumjibu, akamuuliza nani kazini kwao huvaa kitambulisho. Mama Shuka akasema ni wote, hata fundi aliyekuja mara moja tu kutazama lifti. Akaulizwa kuhusu mwenye hoteli. Akafikiri, akasema mwenye hoteli huingia kwa mlango wa jikoni na kandambili, na hajawahi kumwona mlinzi aliyemsimamisha.

“Basi ndivyo,” mwalimu akasema. “Kitenzi kinachotumika kila siku kimeishi humo ndani miaka mingi, hakimwonyeshi mtu kitambulisho. Kile kinachotumika kwa nadra ndicho kinachofuata sheria, kinaogopa kufukuzwa.”

Watu wakapumua. Kwa mara ya kwanza Kiingereza kilifanana na kitu wanachokijua. Hapo mzee mmoja, mstaafu wa posta aliyeitwa Mzee Stempu, akainua mkono na kuuliza habari ya njoo. Kuja, alisema, nimekuja, nitakuja, vizuri kabisa. Lakini mjukuu wake akiwa uani humwita njoo. Kuja imekwenda wapi?

Fundi Bomba, aliyekaa nyuma na mikono yenye harufu ya grisi, akachungulia chini ya kiti kana kwamba kuja imeangukia huko.

“Mzee wangu,” mwalimu akasema polepole, “huyo ni wa nyumbani. Wa nyumbani hatumsemi mbele ya wageni.”

Ili vitenzi hivi vitukutu visiwashinde, mwalimu alitunga utaratibu wake. Kila mwanafunzi alipewa kitenzi kimoja akilee. Mtu akisimulia kisa cha jana na kufika kwenye kitenzi cha mwenzake, alipaswa kusimama hapohapo na kumnyooshea mlezi kiganja kilicho wazi, kama anayeomba chumvi mezani. Mlezi alisimama, akagonga mgongo wa kiti mara mbili, akataja sura tatu za mwanawe, akakaa. Msimulizi alichagua iliyomfaa akaendelea. Na mwiko mkubwa ulikuwa huu: hakuna kumjibia mlezi. Mtoto wa mwenzio humpigii kelele mama yake akiwepo.

Fundi Bomba alipewa break, akaipokea kama mtu anayepewa jina lake. Msusi wa kona alipewa take. Mzee Stempu alipewa forget, kusahau, na mwalimu aliapa kwamba hakukusudia. Kinyozi alipewa cut, ambayo ni cut leo, cut jana, na cut hata ikishakatika. Darasa zima lilimwonea kijicho, naye akakaa kama mrithi wa nyumba ya kupangisha. Wifi alipewa go. Mama Shuka alipewa find, kupata kilichopotea: find, found, found.

Utaratibu ulifanya kazi ajabu. Mtu aliyepita nje ya duka alidhani humo ndani kuna kikao cha mabalozi, mabalozi wanaogongagonga viti. Msusi alisimulia jinsi mteja wake alivyopoteza kitana, akaokota kitenzi huku, akaokota kingine kule, na kisa kikafika salama kama ndoo ya maji iliyopokezanwa mikono kumi. Darasa likiwa pamoja lilisema Kiingereza safi. Mmojammoja, kila mtu alikuwa na kitenzi kimoja mfukoni, na hakuna aliyeliona hilo. Aliyezoea kula sinia moja na wenzake hajui kama mkono wake ni mfupi.

Aliyelifichua ni wifi, na hakulifichua kwa wema. Jumamosi baada ya kutangazwa tarehe ya usaili, Mama Shuka alikuwa katikati ya kisa, akafika mahali alipokwenda sokoni, akanyoosha kiganja. Wifi hakusimama. Alikuwa anatazama dari.

Mama Shuka alinyoosha tena. Mwalimu akamkumbusha wifi kwamba anaombwa.

“Mwanangu amesafiri,” wifi akasema.

Akaulizwa anarudi lini. Akasema baada ya usaili, inshallah, afya ikiruhusu.

Mwalimu alikasirika, lakini mwiko ulikuwa wake mwenyewe. Akimjibia wifi, kesho Kinyozi atamjibia Msusi, na utaratibu wote utakuwa soko la samaki. Kwa hiyo darasa likakosa kwenda. Fundi Bomba, aliyetaka kueleza alivyokwenda hospitali na kidole kilichobanwa, akasema kwa Kiingereza kwamba alitembea hospitali kwa pikipiki. Kinyozi akasema anaona heri kukaa nyumbani katika lugha ile. Mzee Stempu alisema si neno, yeye kitenzi hicho angalikijua, ila amesahau, kisha akaomba msaada wa kusema amesahau, akakumbushwa kwamba mlezi ni yeye.

Nyumbani jioni hiyo Mama Shuka alimenya vitunguu kwa nguvu isiyo ya vitunguu. Wifi alikuwa anapepeta mchele upande wa pili wa jiko, anaimba. Mama Shuka akamwambia kwamba hata kuku hugombana, lakini hawafichiani mtama. Wifi akajibu kwamba kuku hawaendi usaili. Ukweli ni kwamba Mama Shuka aliwaza kulipiza kwa kuificha find. Alijaribu, Jumamosi iliyofuata. Lakini Msusi aliponyoosha tu kiganja, miguu yake ilisimama yenyewe, mkono ukagonga, mdomo ukataja. Alikaa chini akiwa amejichukia. Hakuwa na kipaji cha uchoyo.

Akabaki na njia moja. Ikiwa watu wanaweza kufunga milango, basi atachonga funguo zake. Kazini, kitanda kina pembe nne. Kila kitanda alikipa kitenzi: pembe ya kwanza take, ya pili took, ya tatu taken, na ya nne aliiachia magoti yake kulia. Chumba kinachofuata, lose. Kinachofuata, give. Darasani alikaa akiwasikiliza walezi kama mwizi anayesoma nyumba. Went, iliyokuwa imemponyoka tangu mwalimu aitaje, aliipata tena kwa watoto wawili wa mgeni, waliokuwa wanasimuliana koridoni kuhusu puto lililopaa. Aliirudia mpaka ghorofa nzima ikasikia. Find hakuitengea kitanda. Nani hujifunza jina lake mwenyewe?

Siku ya usaili waliwekwa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja, mawifi wawili, sare zimenyooka, mabega hayagusani. Ndani alikuwa meneja pamoja na mama mmoja wa makao makuu, mwenye miwani iliyofungwa mnyororo. Wifi aliitwa kwanza. Mlango ulikuwa wa mbao nyembamba, na Mama Shuka hakuwa na haja ya kutega sikio. Swali lilikuwa kusimulia siku ambayo mgeni alipoteza kitu. Kisha akaisikia sauti ya wifi, imara mwanzoni: mgeni went. Pete went. Mgeni went tena, juu, na chini, na kwa meneja. Wifi mwenyewe went. Ilifika mahali hakuna kitu katika hoteli ile ambacho hakijakwenda. Alipotoka alikaa kwenye benchi, akaitazama mikono yake.

Mama Shuka akaingia.

Swali likawa lilelile, na moyo wake ukatua, kwa maana kisa cha pete alikuwa nacho cha kweli. Akaanza. Mgeni wa chumba cha pembeni, alisema, lost pete yake ya ndoa. Forgot mahali alipoiweka. Meneja akainua nyusi. Mama Shuka alisikia vitenzi vikija kimoja baada ya kingine bila mtu kugonga kiti, kama vitanda vya ghorofa ya pili vimejipanga nyuma yake na kumsukuma. Alisema kwamba yeye went chumbani. Kwamba took tochi. Kwamba aliangaza uvunguni, na saw kitu kinang'aa ndani ya soksi ya mgeni mwenyewe. Na kwamba yeye, pete ile, ali...

Akakwama. Kiganja kikanyooka chenyewe, wazi, kuelekea kushoto.

Kushoto kulikuwa na kabati la mafaili. Akakipeleka kulia. Kulia alikuwa mama wa makao makuu. Huyo alikitazama kiganja kile kwa adabu, na kwa kuwa hakujua kinataka nini, akaweka kalamu ndani yake.

Meneja alikohoa. Katika hoteli yake ilikuwa marufuku mfanyakazi kumnyooshea mgeni mkono kuomba kitu, na huyu ananyoosha mbele ya makao makuu. Zaidi ya hapo, kisa kilikuwa kimesimama mahali pabaya. Mgeni kapoteza pete. Mfanyakazi kaingia na tochi, peke yake. Kaiona. Kisha kimya, na mkono wazi. Mama Shuka naye aliliona hilo. Took ilikuwa hapo karibu, tayari, inajipendekeza. Alijua maana ya took: kuchukua. Akisema took pete, atatoka humo na mlinzi.

Alimtafuta mlezi usoni mwa meneja, kwenye kalenda, dirishani. Miezi yote ile hakuwahi kuiomba find, maana hakuna anayejinyooshea kiganja. Alikuwa ameitoa tu, tena kwa kuitwa. Basi akafanya kitu pekee kilichobaki. Akaita, kwa Kiswahili, kwa ukali wa binti mwenye stashahada:

“Mwenye find yuko wapi? Simama.”

Akasimama. Akagonga mgongo wa kiti mara mbili, na kalamu ya makao makuu ikiwa ngumini. “Find, found, found,” akasema, akakaa. Kisha akavuta pumzi, akairudisha kalamu kwa mikono miwili, na kuendelea kwa Kiingereza kwamba yeye found pete ile, akaipeleka mapokezi, na mapokezi gave mgeni.

Meneja alikuwa ameinamia meza, mabega yakimtetemeka. Mama wa makao makuu hakucheka. Alivua miwani, ikaning'inia, akauliza huo ulikuwa ugonjwa gani. Mama Shuka akaeleza kwa Kiswahili kila kitu: duka la viti, walezi, viganja, mwiko. Kuhusu wifi na safari ya mwanawe hakusema neno. Ya jiko hubaki jikoni.

Yule mama akamuuliza swali la mwisho, safari hii kwa Kiswahili naye, kwa kuwa lilikuwa swali la kweli.

“Koridoni utakuwa peke yako. Mgeni amekasirika, anakusubiri. Ukikwama, utagonga nini?”

Mama Shuka alifikiri. Hakuwa na jibu la darasani, kwa hiyo akatoa la kazini.

“Mama, mgeni aliyekasirika hakwami. Huja na kitenzi chake mkononi, kimeshaiva. Akisema bomba broke, mimi namwambia yes, broke, pole. Nitakishika vilevile alivyonipa, mpaka kwa fundi. Cha kwangu ndicho kilichonisumbua, na hicho sasa nakijua.”

Walinong'ona kidogo. Meneja alifuta macho, akamwambia kwamba mwezi ukianza aende stoo akachukue funguo na sare mpya, na kwamba viti vya hoteli ni ghali, asivigonge sana. Mama Shuka alisema asante katika lugha zote mbili, akatoka akiwa amejishika goti, kwa mazoea tu.

Wifi alikuwa bado kwenye benchi. Alimtazama usoni, akasoma, akageuza macho.

Mama Shuka akakaa. Benchi lilikuwa fupi, na safari hii mabega yaligusana. Alitafuta neno la kusema lisilokuwa chumvi kwenye kidonda, akalikosa katika Kiswahili kizima, lugha yenye maneno yote hayo.

“Sare ya msimamizi ina kola ngumu,” wifi akasema mwishowe, akiutazama ukuta. “Na wewe pasi huijui. Utavaa kama mtu aliyelala nayo, watu waseme ndiyo familia yetu hiyo. Ilete chini nikunyooshee.”

“Asante, wifi.”

“Usinishukuru. Mgongoni nitaacha kunjo moja, refu, usiloweza kuliona. Ukianza kujisikia, kila utakayempa kisogo atacheka.”

Mama Shuka akaufikiria mgongo wake, na korido ile ndefu ya ghorofa ya pili.

“Acha mawili,” akasema. “Moja nitalizoea.”